Majani Mabichi ya Nani?

Mchombe, njia ya Mlimba
Jumapili mchana, baada ya ibada

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, Baba. Na Mayu nampa shikamoo yake peke yake, asije akasema nimemsalimu mumewe tu. Habari za huko Maswa? Goti linaendeleaje tangu baridi iishe? Na ile miwani uliyoifunga uzi bado inakusaidia, au sasa Mbula ndiye anayekusomea? Kama ni Mbula anayesoma, basi Mbula, mdogo wangu, soma yote kama yalivyo, usiruke mahali unapoona Dada ana hasira. Hasira ni nyingi humu, ukianza kuziruka hutabakiwa na barua.

Mimi ni mzima wa mwili. Joto la bonde hili mnalisikia kwenye redio, mimi nalala nalo. Mbu nao hawajambo, wamenenepa. Shule inakwenda, darasa la tano wananitoa jasho kwa hesabu za sehemu, na nyumba ya mwalimu bado inavuja pale pale ilipovujia mwaka jana.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Baba, wewe ukipokea simu unaweka spika, mji mzima unasikiliza, mpaka jirani aliyekuja kuazima jembe anachangia. Jambo hili sitaki lichangiwe kabla hujalisikia wewe mwenyewe. Ndiyo maana nimempa barua mwalimu mwenzangu anayekwenda likizo Shinyanga, naye ameniahidi kuifikisha mkononi.

Nianze na fimbo yako. Ile nyeusi yenye kifundo, uliyonipa siku naondoka ukasema huko kwenye mpunga kuna nyoka na wewe Kabula ni mwoga, haiko kwangu tena. Haijapotea wala haijaibwa. Iko nyuma ya mlango wa mama mmoja hapa kijijini anayeitwa Mama Agripina, na haitatoka hapo mpaka uje kuichukua wewe, kwa mkono wako. Hilo ndilo ninalokuomba katika barua hii: uje, kabla mvua hazijaanza. Yaliyobaki ni maelezo, na maelezo yenyewe ni marefu, kwa hiyo mwambie Mayu akukorogee uji kwanza.

Unajua kwamba katekista wetu alihamia Mlimba, na tangu hapo Padre amenikabidhi mimi mafundisho ya Jumamosi. Padre mwenyewe hufika hapa kigangoni mara moja kwa mwezi kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. Mwaka huu tumemaliza kujenga kanisa letu, la tofali za kuchoma na mabati. Kiwanja alikitoa Mama Agripina na marehemu mumewe. Mama huyu ni Mpogoro, wazazi wake walishuka kutoka Mahenge wakafyeka hapa pakiwa pori. Ni mjane, analima mpunga, hana maneno mengi, na tofali za kanisa lile asingezisimamia yeye zingekuwa bado udongo. Kilichobaki kilikuwa jina tu, ili jengo libarikiwe. Jina tu, Baba. Niliposikia hivyo nilidhani ni kazi ya dakika kumi.

Jina la Mchungaji Mwema nililileta mimi. Katika majina yote tunayomwita Bwana wetu, hilo ndilo pekee ambalo sikuhitaji kufundishwa. Mfalme sijawahi kumwona. Mwanakondoo ninamheshimu, lakini nyumbani kwetu kondoo tulikuwa tunamchinja. Mchungaji nilimwona kila jioni akinawa miguu mlangoni na kuuliza kama yule ng'ombe mwenye pembe moja amekunywa maji. Kabla sijajua kusoma nilikuwa nimeshaelewa mtu anawezaje kuwajua wanyama mia na kidogo kila mmoja kwa jina na tabia yake. Nilipokwenda mafundisho na kuambiwa Mungu yuko hivyo, nilisema moyoni, basi huyo namfahamu.

Nikajiona nimeleta zawadi. Sasa sikia nilivyokuwa nimeileta.

Inabidi nirudi nyuma mpaka mwezi wa sita, wakati wa mavuno. Mpunga wa asili wa huku, Baba, hauvunwi umesimama kama mtama wetu. Ni mrefu, ukikomaa na upepo ukapita unalala chini, jaruba zima, na mwenye shamba hana wasiwasi. Anausubiri ukauke vizuri, kisha anauvuna hivyo hivyo ulivyolala. Mtu wa kwetu akipita hapo anaona majani makavu yaliyotelekezwa, na anajua kwamba baada ya mavuno wakulima huwaruhusu wafugaji kuingiza ng'ombe ili wale mabua.

Mama Agripina alikuwa na majaruba matatu yaliyolala hivyo. Akaenda mazishini kijiji cha jirani, siku mbili. Aliporudi akakuta ng'ombe wameingia, wamekula, wamelala humo, wamekwenda zao. Pale ofisi ya kijiji aliposimulia hakulia. Alisema tu kwamba masuke yamebaki kwenye kona moja, kama kichwa kilichonyolewa na mlevi.

Wanaume walifuata nyayo. Kundi lilishakimbizwa kuelekea Idete, ila walimkuta ng'ombe mmoja aliyechelewa kwa sababu ya ndama wake, wakamleta wakamfunga uani pa ofisi ya kijiji. Watoto wangu wa shule wakatoroka kwenda kumtazama, nami nikaenda kuwarudisha. Nilipofika nikaona sikio. Sikio la kushoto, mikato miwili juu na tundu moja chini. Baba, ndama wangapi nimewashika miguu nikiwa binti mdogo, wewe ukikata alama hiyo?

Mwenyekiti wa kijiji akaniuliza mbele ya watu, bila ubaya wowote, "Mwalimu, wewe ni Msukuma. Hii alama unaijua ya nani?"

Nikasema, "Alama ziko nyingi, Mwenyekiti."

Ndivyo nilivyosema. Watoto wangu wa darasa la tano wakiwa wamesimama nyuma yangu.

Nikampigia simu Shija, aliyeshuka na ng'ombe wako bondeni huku. Mwanao huyo, mdogo wangu, hakuwepo hata malishoni. Alikuwa Ifakara, Mlabani, siku ya pili anasubiri pikipiki yake itengenezwe, na ng'ombe wako amewaachia watu wawili wa kuajiriwa, watu wazima na ndevu zao, ambao wameona mpunga umelala wakadhani umeshavunwa. Waliposhtuka wakakimbia. Nikamwambia Shija njoo, mama mwenyewe ni mtu wa kanisani kwetu, njoo uketi naye. Akasema, "Dada, we nyamaza tu, nitalimaliza kimya kimya. Nikija hapo watanipiga." Kweli akalimaliza kimya kimya. Akamtuma dalali mmoja wa mnadani, mtu asiyejua hata Mama Agripina ni mnene au mwembamba, akaacha fidia kwa mwenyekiti, ng'ombe akafunguliwa. Karatasi ikaandikwa kwamba mwenye mifugo hajulikani.

Mimi nilijua. Nilijua jina lake, na kijiji chake, na goti linalomsumbua.

Wiki ile nilimkuta Mama Agripina kisimani nikampa pole. Akanijibu maneno ambayo tangu siku hiyo sijaweza kuyatoa kichwani. Alisema, "Asante, Mwalimu. Nimelipwa na mtu nisiyemjua kwa kosa la mtu nisiyemjua. Hata wa kumsamehe sina." Nikabeba ndoo yangu nikaondoka.

Damu ni nzito kuliko maji, nikajiambia, na kwamba Shija angepigwa. Nilijiambia mengi. Kumbe mficha maradhi, kifo humuumbua.

Baada ya hapo ndipo kikaja kikao cha jina, Jumapili moja baada ya ibada, na mimi nikasimama na Mchungaji wangu Mwema nikamweleza kwa madaha, kwamba anawajua walio wake, kwamba mmoja akipotea anamfuata. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mzee mmoja anaitwa Mzee Kasiani, hodari wa utani, akasema yeye alikuwa anafikiria Mkate wa Uzima, ila mkate wenyewe tunauonja Krismasi, afadhali liwe Kanisa la Wali wa Uzima. Watu wakacheka. Nikadhani tumemaliza.

Mama Agripina akasimama. Alianza kwa upole.

"Mwalimu, umetufundisha kwamba mchungaji huyu anawapeleka kondoo wake kwenye majani mabichi, wanakula, wanalala humo, wanashiba."

"Ndiyo, Mama."

"Majani ya nani?"

Nikaanza kufunua Biblia, nitafute mstari.

"Kondoo wamefurahi," akasema. "Mchungaji amefurahi. Mwenye majani kuna aliyemwuliza?"

Nikajibu jibu la kijinga ambalo naona aibu kuliandika. Nilisema, "Mama, huo ni mfano tu."

"Waliolala kwangu hawakuwa mfano," akasema. Kisha akawageukia wengine. "Kiwanja nilikitoa kwa moyo mweupe, sikidai tena. Lakini chini ya jina hilo sipigi magoti. Mkiliandika mlangoni, mimi nitasali nje." Akaketi, akafunga khanga yake, na kikao kikaisha bila mtu kukifunga.

Padre alipokuja nilimweleza, nikitumaini atanisaidia. Alinichosha, Baba, Mungu anisamehe. Alihubiri muda mrefu juu ya wachungaji wa Nchi Takatifu ya zamani na mazizi yao ya mawe, na watu wakahesabu mabati. Mwishoni akasema tusali, na tukishindwa kuelewana atachagua jina yeye mwenyewe. Anataka kubariki kanisa kabla mvua haijaharibu barabara, kwa hiyo ametupa wiki tatu. Hata dukani sikupata nafuu. Mzee Athumani, mwenye duka la barabarani, ambaye babu zake walitoka pwani, alinipimia sukari huku anacheka chini chini. "Mwalimu, sisi Mwenyezi Mungu ana majina tisini na tisa na hatujawahi kugombana hata kwa moja. Ninyi moja tu limewashinda?" Nikacheka naye, nikafika nyumbani nikakasirika. Nikawakasirikia wote: Padre kwa hotuba, Shija kwa woga, Mama Agripina kwa kuwa na haki.

Ndipo nikaiona fimbo yako imeegemea ukutani, nikakumbuka viazi vya Mama Nkwimba.

Sijui kama wewe unakumbuka. Nilikuwa na miaka tisa au kumi, wakati ambao Shija alikuwa bado anabebwa mgongoni, na wa kukusaidia kuchunga nilikuwa mimi binti. Nilisinzia malishoni, ng'ombe wakaingia kwenye viazi vitamu vya jirani yetu wakavifukua vyote. Nilijua utanichapa. Hukunichapa. Uliniambia tu nikufuate, ukaenda mpaka kwa Mama Nkwimba akiwa bado anatukana, ukailaza fimbo yako kizingitini pake, ukaketi chini vumbini, mtu mzima na kofia yako, ukanyamaza mpaka akuulize. Ndivyo ulivyokuwa ukifanya kila mara, na fimbo huichukui mpaka mwenye shamba akukabidhi kwa mkono wake. Mama Nkwimba alikaa nayo siku nne. Siku nne ulichunga mikono mitupu, watu wakikuona wanakucheka, na wewe unawacheka pia.

Nilikuuliza njiani kwa nini umekwenda wewe wakati aliyesinzia ni mimi. Ukasema, "Wale ng'ombe wana alama yangu." Basi. Hukuongeza neno.

Baba, mimi nimefundisha jina la Mchungaji Mwema Jumamosi ngapi, na nusu yake nilikuwa nimeisahau. Nilifundisha kwamba humfuata aliyepotea. Sikufundisha kwamba aliyepotea, huko alikopotea, amekula shamba la mtu, na kwamba mchungaji akishambeba begani bado ana safari nyingine, ya kwenda kwenye mlango wa mwenye shamba na kuketi chini. Kama Bwana wetu ni mchungaji kweli, basi ndicho alichokuja kukifanya. Alikuja mwenyewe, hakutuma dalali. Padre akisikia labda atasema nimevuka mpaka wa mafundisho, lakini mimi sina njia nyingine ya kulielewa jina hilo, na njia hii nimeipata kwako.

Alhamisi, baada ya vipindi, nikachukua fimbo nikaenda kwa Mama Agripina. Alikuwa barazani anasuka mkeka. Nikailaza fimbo kizingitini, nikaketi chini na gauni langu la shule, nikanyamaza.

Akanitazama. "Mwalimu, umeanguka?"

"Sijaanguka, Mama."

"Basi kuna kiti hapo."

"Nimekuja kwa habari ya mpunga wako. Ng'ombe wale ni wa nyumbani kwetu. Ni wa baba yangu, anawachunga mdogo wangu. Nilijua tangu siku ile niliyoona sikio."

Hakuacha kusuka. Alimaliza mstari wake mpaka mwisho, akaubana kwa dole gumba. "Tangu mwezi wa sita?"

"Tangu mwezi wa sita."

"Na Jumamosi zote hizo ulikuwa unatufundisha."

"Nilikuwa nawafundisha, Mama."

Angenitukana ningeona afadhali. Aliinuka, akaiokota fimbo, akaipima uzito mkononi, akauliza ni ya nani. Nikasema ya baba yangu. Akauliza kama wewe unajua. Nikamwambia ukweli, kwamba Shija alikupigia akakwambia ng'ombe wamekula majani kidogo.

"Majani," akasema, na akacheka kicheko ambacho sikukipenda. Kisha akasema hivi, nami nakuandikia kama alivyosema bila kupunguza: "Fimbo hii ibaki hapa. Wewe sikupi, hukuchunga wala huna ng'ombe. Huyo mdogo wako sitaki anitumie tena mtu. Mwenye alama aje. Hata akija mikono mitupu, nitampa fimbo yake, na hilo jina liandikeni mlangoni kwa herufi kubwa mnavyotaka. Asipokuja, nitajua kwamba ni jina tu."

Leo asubuhi nilisimama kanisani nikawaambia wote. Niliona si haki wajue kwa uvumi. Mzee Kasiani hakufanya utani. Mwenyekiti wa kijiji aliniuliza ile karatasi iliyoandikwa mwenye mifugo hajulikani aifanyeje. Wanafunzi wangu wawili wa Jumamosi, mke na mume, waliondoka kabla ya sala ya mwisho, na sijui kama watarudi. Nilidhani mtu akishasema ukweli anapata amani. Mimi sijaipata, nimepata njaa tu, maana tangu Alhamisi chakula kilikuwa hakipiti.

Sasa niruhusu nikuambie jambo ambalo mtoto hamwambii mzazi wake. Baba, nimekukasirikia. Nimemkasirikia Shija kwanza, na nitaendelea mpaka nitakapomtia machoni, lakini Shija anafanya anachokiona. Ukame ulipotupiga na wewe ukakubali ng'ombe washuke bonde hili, nilielewa, majani yalikuwa yamekwisha huko na usingewaacha wafe. Ila tangu washuke, kila ukipiga simu unauliza wamezaa wangapi. Hujawahi kuuliza wamekula wapi. Wewe, uliyekuwa unajua ng'ombe yupi amekunywa na yupi hajanywa. Siku hizi una ng'ombe unaosikia habari zao tu, na wanaowachunga wakiona hatari wanakimbia, kwa sababu sikio lile halina alama yao. Nilikuwa napanga kuyasema haya kwa maneno laini zaidi, lakini karatasi inakwisha.

Usiniambie goti. Najua goti. Nimeulizia safari: basi mpaka Morogoro, unalala hapo, kesho yake unapanda la Ifakara, nami nitakuja Ifakara kukupokea kwa siku utakayoniambia. Huku kwetu ni mwendo mfupi uliobaki. Usilete ng'ombe wala mbuzi, usije na mzungumzaji, na Shija asikutangulie mbele akakusemea. Mimi nitakuonyesha nyumba kwa mbali, ya nne kutoka kanisani, yenye mkorosho uani, kisha nitabaki barabarani. Wewe unajua kinachofuata kuliko mimi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na hapa mwenyeji tuna mmoja ambaye ameumia miezi minne bila kuona uso wa aliyemuumiza.

Kama hutakuja, nijibu hivyo bila kunizungusha, ili nimwambie Padre achague jina lolote analolitaka. Lile langu nitaliondoa mwenyewe. Siwezi kulisimamia tena nikiwa peke yangu.

Nisalimie Mayu, mwambie ile dawa ya kikohozi aliyonipa imekwisha na ilinisaidia. Msalimie Bibi mzaa baba, na umshikie mkono kwa niaba yangu maana najua salamu za karatasi hazipendi. Msalimie Baba Mdogo aliyenifundisha kuwapigia ng'ombe mluzi, na shangazi wa Bariadi mkimwona mnadani. Mbula asome kwa bidii, aache kuchora pembezoni mwa daftari. Na Mama Nkwimba wa viazi, kama bado anakaa pale, msalimie kwa heshima zote, umwambie nakumbuka asubuhi ile alipokurudishia fimbo akakupa na kikombe cha maziwa.

Ni mimi binti yako wa kwanza, niliyesinzia malishoni wakati ule na mara hii pia,

Kabula

Nimesahau jambo moja. Wakati nafunga barua hii Mama Agripina amepita hapa akitoka kanisani, hakuingia ndani. Amesimama njiani akauliza, "Baba yako asubuhi anakunywa chai au uji?" Nikamwambia, "Mama, bado sijui kama atakuja." Akasema hilo hakuliuliza.